Upasuaji Haujaisha Mpaka Mgonjwa Ameze

Katika mijadala yetu kuhusu afya tumezoea kuhesabu majengo, mashine na vitanda. Kiongozi anapozindua chumba kipya cha upasuaji, kamera huwapo. Mgonjwa anapoondolewa uvimbe mkubwa shingoni au kwenye taya, picha yake ya kabla na ya baada husambaa mitandaoni, nasi huandika pongezi. Kinachofuata hakipigwi picha. Wiki kadhaa baadaye mgonjwa yuleyule ameketi nyumbani mbele ya bakuli la uji, ameinua kijiko mara tatu, mara tatu amekohoa hadi machozi kumtoka, na sasa anawaambia wanawe kwamba ameshiba.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Kwa mtu aliyepasuliwa kinywa, koo au shingo, uwezo wa kumeza ni sehemu ya tiba yenyewe. Mfumo wa afya unaomruhusu kurudi nyumbani bila kumfundisha kula upya umeiacha kazi yake katikati ya safari. Jambo hili ni la kitaalamu, lakini pia ni la bajeti, la ajira na la sheria, na kwa hiyo linatuhusu hata sisi ambao shahada zetu za uzamivu hazituruhusu kushika kisu cha upasuaji.

Tuanze na tendo lenyewe. Tunameza mamia ya mara kwa siku, mate na chakula, pasipo kulifikiria. Ulimi hukikusanya chakula kilichotafunwa na kukisukuma nyuma. Kaakaa laini hupanda na kuiziba njia ya pua. Koromeo huinuka, mlango wa njia ya hewa hufungwa, pumzi husimama kwa muda mfupi sana, kisha umio hufunguka kulipokea tonge. Kazi hiyo yote huhitaji misuli zaidi ya ishirini na jozi tano za mishipa ya fahamu zitokazo kichwani, na hukamilika ndani ya sekunde chache. Waswahili walikipa kiungo kimoja kidogo cha kooni jina la kidakatonge. Hawakukiita kwa umbo lake. Walikiita kwa kazi waliyoamini kinafanya, kana kwamba walijua kuwa kooni pana mlinzi, na mlinzi huyo asipokuwapo tonge hupotea njia.

Sasa fikiria kisu kinapopita mahali hapo. Mwenye saratani ya ulimi huondolewa sehemu ya ulimi, na chakula hubaki kinywani bila wa kukisukuma. Mwenye uvimbe wa taya, hata usiokuwa wa saratani, hupoteza kipande cha mfupa na meno ya kutafunia. Mwenye rovu anaweza kuumizwa mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti, akatoka na sauti iliyokwaruza na mlango wa hewa usiofungika vema. Aliyeondolewa koromeo lote hupumulia tundu la shingoni. Huyo hapaliwi kama wengine, lakini njia yake ya chakula inaweza kuwa nyembamba na tonge likakwama. Mionzi ikifuata baada ya upasuaji, mate hukauka, kinywa hupata vidonda, taya hukaza, na misuli ya shingo huweza kuwa migumu. Madhara mengine ya mionzi hujitokeza miaka mingi baada ya mgonjwa kuambiwa kuwa amepona.

Neno letu la kupaliwa laeleza vizuri kinachotokea chakula kinapoelekea njia ya hewa. Mtu mwenye afya akipaliwa hukohoa, tunampa pole, mlo unaendelea. Kwa aliyepasuliwa, kikohozi hicho huweza kuja katika kila mlo. Kibaya zaidi, huweza kisije kabisa. Hisia za kooni zikiwa zimepungua, chai au uji huingia mapafuni kimyakimya, mgonjwa akiwa anatabasamu mbele ya jamaa zake. Dalili zilizopo ni za pembeni: sauti inayosikika kama yenye maji baada ya kunywa, mlo unaochukua zaidi ya nusu saa, nguo zinazopwaya, homa na kifua vinavyojirudia. Familia isiyojua itadhani ni malaria, au itaamini kwamba saratani imerudi, ilhali ni homa ya mapafu iliyoletwa na kikombe cha maji.

Nasema kikombe cha maji kwa makusudi. Jamaa wengi, kwa upendo mtupu, husema: kama hawezi kula, basi anywe maji angalau. Lakini maji ndicho kinywaji kigumu kuliko vyote kwa koo lililochelewa kujifunga, kwa kuwa hukimbia kabla mlango haujafungwa. Kwa mgonjwa mwingine mambo ni kinyume: misuli yake haina nguvu ya kusukuma, hivyo uji mzito hung'ang'ania kooni, na kinywaji chepesi ndicho kinachopita. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili. Hata shauri maarufu la kuinamisha kidevu wakati wa kumeza, ambalo huwalinda baadhi ya wagonjwa, humdhuru ambaye ulimi wake hauwezi kusukuma, maana chakula humrudia mbele. Shauri lililomwokoa jirani huweza kumwua ndugu yako. Ndiyo maana anahitajika mtaalamu wa kumtazama mgonjwa huyu, kwa koo hili, baada ya upasuaji huu.

Nimelijua hili kwa kumuuguza mjomba wangu, mtumishi mstaafu wa serikali, aliyeondolewa sehemu ya ulimi kisha akapewa mionzi. Hospitali iliyompasua ilifanya kazi nzuri. Kidonda kilipona na uvimbe haukurudi. Siku ya kuruhusiwa alipewa tarehe ya kliniki, dawa za maumivu, na agizo la maneno matatu: "Ale vyakula laini." Nimeyatafakari sana maneno hayo. Chai ni laini. Mkate uliolowekwa ni laini. Supu yenye vipande vya nyama na viazi ni laini, kumbe ni miongoni mwa vyakula vigumu zaidi kwake, kwa sababu mchuzi hutangulia kooni ilhali kinywa kingali kinahangaika na vipande. Maneno matatu ndiyo yaliyokuwa sera nzima ya utengamao iliyomfikia mwananchi aliyelitumikia taifa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nyumbani kwa mjomba hakuna aliyewahi kula peke yake. Mpita njia aliyesikia "karibu" alinawa mikono na kuketi. Baada ya upasuaji, mjomba alianza kulia chakula chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Alimwambia shangazi kwamba hataki kuwakera watu kwa kukohoa na kwa chakula kinachomtoka pembeni mwa mdomo. Aliacha kwenda misibani na harusini, kwa sababu huko kukataa sahani ni kumvunjia mwenyeji heshima, na kuipokea ni kujiaibisha mwenyewe. Alipungua kilo baada ya kilo. Alipolazwa kwa homa ya mapafu kwa mara ya pili, ndipo tulipoelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha katika mji mwingine. Wengi wetu hatukujua kwamba taaluma hiyo, kwa jina lake linalotaja usemi, ndiyo pia inayoshughulikia kumeza.

Kazi ya kwanza ya binti yule ilikuwa kumtazama mjomba akila, kwa subira, bila kumharakisha. Kisha alimfundisha kuweka chakula upande wa ulimi uliobaki na nguvu, kuinamisha kichwa upande huo, kumeza mara mbili kwa kila tonge dogo, na kuketi wima wakati wa mlo na nusu saa baada yake. Alimpa mazoezi ya ulimi na taya ya kufanya kila siku. Aliagiza kinywa kisafishwe asubuhi, baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa sababu mate yenye vijidudu yakiingia mapafuni huleta madhara kuliko mate safi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji mashine. Vilihitaji ujuzi, kiti, kijiko na mswaki.

Yako pia mambo yanayohitaji vifaa. Kuna picha ya eksirei inayoonyesha mgonjwa akimeza chakula kilichochanganywa na bariamu, na kuna kamera nyembamba inayopitishwa puani ili kulitazama koo likifanya kazi. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoweza kumgundua anayepaliwa kimyakimya, na ni vya lazima katika hospitali kubwa. Ila pasipo vifaa hivyo bado kuna mengi ya kufanya. Upo mpango wa kimataifa, ujulikanao kwa kifupi kama IDDSI, uliopanga vinywaji na vyakula katika ngazi nane, kuanzia 0 hadi 7. Uzito wa kinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10, lenye urefu uliowekwa, lisilo na sindano yake: kijaze, kiachie kitiririke kwa sekunde 10, tazama kilichobaki. Kilichosalia kikipungua mililita 1, kinywaji hicho ni sawa na maji. Kikizidi mililita 8, ni kizito. Chakula hupimwa kwa uma na kijiko. Hivi ni vipimo ambavyo muuguzi wa wilaya anaweza kuvifanya, na mama mwenye nyumba akavirudia jikoni kwake.

Hapo ndipo vyakula vyetu vinapoingia, na ndipo ninapowaomba watafiti vijana wafungue daftari. Uji, mtori, viazi vilivyopondwa, parachichi na mlenda si vyakula vya kuonea haya. Ni malighafi ya utengamao, endapo kila kimoja kitapimwa na kuwekwa kwenye ngazi yake. Ugali mkavu humsumbua mwenye kinywa kikavu, maana hugandamana na hauna mate ya kuulainisha. Uji uliokolezwa kwa wanga nao una siri yake: mate huuvunja wanga, hivyo kijiko kinachotoka kinywani na kurudi bakulini huufanya uji uliokuwa na uzito salama mwanzoni mwa mlo uwe mwepesi mno mwishoni. Dawa yake ni kupakua kidogo kidogo katika kibakuli cha pembeni. Maarifa ya namna hii hayana budi kuandikwa kwa Kiswahili, kwa majina ya vyakula vyetu, badala ya kumkabidhi mgonjwa wa Sumbawanga orodha ya vyakula asivyowahi kuviona.

Vilevile tuseme ukweli kuhusu mpira wa kulishia. Kwa wengi ni alama ya kifo, na familia humbembeleza daktari auondoe. Mpira huokoa maisha pale ambapo kinywa hakiwezi kubeba mahitaji ya mwili, na anayehitaji kulishwa hivyo kwa muda mrefu huweza kutobolewa njia ya kupitishia chakula moja kwa moja tumboni, ili asikae na mpira puani. Lakini misuli ya kumeza isiyotumika hudhoofu. Ndiyo maana mgonjwa mwenye mpira, kama mtaalamu ameridhika, huhimizwa kuendelea kumeza kidogo kidogo na kufanya mazoezi, hata katikati ya mionzi. Ndiyo maana pia mafunzo yanapaswa kuanza kabla ya upasuaji, wakati mgonjwa bado ana ulimi wake wote na anaweza kuuliza maswali kwa sauti yake.

Nikiyasema haya mbele ya watu wenye madaraka, jibu huwa moja: nchi haina fedha, hatujatosheleza hata vyumba vya upasuaji na mashine za mionzi, wewe unatuletea anasa ya kufundisha watu kumeza. Hoja hii si ya kupuuzwa. Foleni ya wagonjwa ni ndefu, na anayesubiri mionzi hawezi kuambiwa asubiri zaidi ili mwingine afundishwe kula uji. Lakini swali hilo limepangwa vibaya. Tumeshalipia upasuaji: muda wa daktari bingwa, dawa za usingizi, damu, kitanda. Mgonjwa akirudi kwa homa ya mapafu tunalipia kitanda tena, na oksijeni, na antibayotiki. Akifa kwa utapiamlo huku kidonda kimepona, kila shilingi ya mwanzo imepotea pamoja naye. Mkulima hapalilii shamba kisha akasusa kuvuna kwa kuwa magunia ni ghali.

Isitoshe, huduma ya afya kwa wote, tunayoitaja katika kila hotuba, haikuwahi kumaanisha tiba peke yake. Kwa maana yake inayokubalika kimataifa, inahusisha kuhamasisha afya, kinga, tiba, utengamao na tiba shufaa. Mwezi Mei mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Mwaka huohuo Bunge letu lilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja utengamao katika ibara yake ya 26. Wenzetu wa Kenya wameandika katika ibara ya 43 ya Katiba yao haki ya afya na haki ya kutokuwa na njaa. Sijui mtu ambaye haki hizo mbili humkutania mwilini waziwazi kama huyu asiyeweza kumeza.

Sheria za kazi nazo zatazamwe upya kwa jicho hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Anayepitia upasuaji, kisha wiki kadhaa za mionzi, kisha miezi ya kujifunza kula, huweza kuzimaliza zote kabla hajaweza kunywa chai mbele ya wenzake. Kumruhusu ale taratibu kwa saa nzima, au kumpa chumba cha faragha wakati wa chakula, hakuigharimu ofisi chochote cha kutajika.

Wataalamu je? Habari njema ni kwamba mbegu imepandwa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili sasa kinatoa shahada ya kwanza ya usikivu na tiba ya usemi na lugha. Lakini mhitimu asiye na nafasi katika ikama ya hospitali ni mbegu iliyowekwa juu ya jiwe. Tusipotengeneza vyeo vyao katika utumishi wa umma, tutawasomesha kwa kodi zetu kisha watatafuta riziki kwingine, nasi tutabaki na agizo letu la maneno matatu.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila hospitali inayofanya upasuaji mkubwa wa kichwa na shingo, na kila kituo cha mionzi, Ocean Road na Bugando vikiwa mfano, iwe na nafasi za kudumu za wataalamu wa kumeza, nao wamwone mgonjwa kabla ya upasuaji na si baada tu. Pili, asiruhusiwe mgonjwa yeyote kwenda nyumbani bila mpango wa kula ulioandikwa kwa Kiswahili: ale nini, kwa uzito gani, akae vipi, dalili zipi zimrudishe hospitali haraka, na ampigie nani simu. Tatu, kitita cha mafao ya bima kitaje tathmini ya kumeza, mazoezi yake na chakula cha mpira kwa majina, maana kisichotajwa kwenye kitita hakilipwi. Nne, wauguzi wa wilaya wafundishwe uchunguzi wa awali na usafi wa kinywa, na kliniki za marudio ziendelee kuuliza habari za kula hata miaka mitano baada ya mionzi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mgonjwa huyu hafichi kwa ukaidi. Anaficha kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali sahihi. Kliniki humuuliza kama kidonda kimepona, naye hujibu kwamba kimepona. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi mnaonisoma, ongezeni swali moja: "Jana ulikula nini, ulitumia muda gani, na ulikula pamoja na nani?" Wanaharakati, ulizeni idadi ya wataalamu hawa katika hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, na ulizeni kwa maandishi. Nanyi watumishi wa umma mnaoketi katika vikao vya ikama na vya kitita, ninyi ndio mtakaoamua kama mwananchi tuliyemwokoa kwenye meza ya upasuaji atarudi pia kwenye meza ya chakula. Waraka wa bajeti ukifika mezani penu mwaka huu, utafuteni mstari wa utengamao, usipokuwapo, uandikeni.